Kitanda cha Fina Upande wa Arizona

Jumatatu, 3 Juni

Majibu ya nafasi za uuguzi chuoni yametoka. Fina kapata. Mimi nimewekwa akiba. Akiba wa kwanza, ati, na Bi Lindqvist, mkubwa wangu kazini, aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Maana yake mmoja wa waliochaguliwa asipotokea, ndipo nami niingie. Ni kukaa mlangoni mwa harusi ukingoja mgeni mmoja aharishe.

Miaka miwili nimekaa dirisha la udahili pale chuoni. Kila anayetaka kusoma ng'ambo ya mto huanza kwangu. Fomu nazijua, tarehe nazijua, hata kikohozi cha mkuu wa chuo nakijua. Fina, binti ya mama mdogo Chayo, anauza maziwa ya tende barabara kuu. Na kapata yeye.

Jioni mama kaleta keki. Imeandikwa jina la Fina kwa sukari ya waridi. Mama mdogo Chayo akaniambia mbele ya watu wote: "Usijali, Chela. Si kila kichwa kimeumbiwa uuguzi. Vingine vimeumbiwa dirisha." Wakacheka. Mumewe, baba mdogo Wendell, akacheka mpaka akatoka nje kutema mate.

Fina peke yake hakucheka. Akasukuma kipande chake cha keki kwenye sahani yangu. Nikala. Ningeweza kukitupa, lakini kilikuwa kitamu, na hilo nalo limeniudhi.

Jumatano, 5 Juni

Furaha yao imekumbana na ada.

Sisi wa upande huu wa mto, Arizona, chuo kilichoko California hutuhesabu watu wa nje. Mtoto wa California analipa kidogo, wa Arizona analipa mara saba na ushee, ingawa dirishani kwetu unaliona paa la chuo. Ndivyo ilivyokuwa tangu mama zetu wasichana. Fina hana pesa hizo. Wala ukoo mzima.

Baba mdogo Wendell amekuja na mpango. Hakuja kuomba ushauri, alikuja kutangaza. Atalifunga trela lao kwenye lori la rafiki yake, alivute zimazima mpaka ng'ambo, aliweke kwenye kiwanja kando ya mashamba ya matikiti. "Mtu ni pale anapolala," akasema. "Akilala California ni wa California. Nani atabisha?"

Jirani wawili wakatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo walivyosikia. Hapa kwetu kila jambo la serikali watu hulitatua kwa kuhamisha trela. Mke akidai talaka, hamisha trela. Kodi ikipanda, hamisha trela.

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe unakaa pale dirishani. Tukihama inatosha, au haitoshi?"

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni. La kwanza, kwamba haitoshi kuhama, lazima ukae California mwaka mmoja na siku moja kabla hawajakuita wa kwao. La pili tuliambiwa jana tu na Bi Lindqvist, mlango umefungwa: bodi ya chuo inakaa Julai, na ikipitisha, kuanzia muhula unaokuja wanaoishi upande wetu wa mto watasamehewa ile ada ya watu wa nje. Wote. Bila kuhama hata hatua. Akatuonya tusilitoe nje mpaka bodi ikae.

Nikasema, "Wengi wanahama, baba mdogo."

Kweli wengi wanahama. Nimeligeuza neno hilo juu chini tangu jioni, sioni uongo ndani yake.

Jumamosi, 8 Juni

Leo wamevuta! Ee, nimecheka.

Trela lilikuwa limekaa pale tangu Fina hajaanza shule. Walipoliinua, chini yake wakakuta vijiko, mipira, kobe mkavu na kiatu kimoja cha arusi cha mama mdogo Chayo, ambacho miaka yote alidai kimeibwa na mama yangu. Hakuomba radhi. Alisema huenda mama ndiye aliyekificha pale.

Joto la kuchemsha yai juu ya bati. Lori likaenda polepole na sisi nyuma kwa magari, kama maziko. Katikati ya daraja, tairi la trela likapasuka. Katikati kabisa! Kichwa California, makalio Arizona. Malori yakaanza kupiga honi kutoka pande zote mbili. Dereva mmoja akamwuliza baba mdogo Wendell kama nyumba yake imeshikwa na haja. Mama mdogo Chayo akafungua kiti cha kukunja, akaketi pale pale kwenye lami chini ya mwavuli. Akasema wapige honi mpaka wapasuke, yeye leo analala California.

Fina alisukuma. Alikuwa na viatu vya wazi, lami inamchoma, nywele zimemganda shingoni. Alisukuma pamoja na wanaume mpaka tairi likabadilishwa. Mimi nilipiga picha.

Walipopumzika kidogo akaja kunywa maji kwangu. Akaniuliza, taratibu tu, "Chela, ungeona tunakosea ungeniambia, sivyo?"

"Ningekwambia."

Huo sasa ndio uongo wenyewe. Umetoka bila shida yoyote, kama chafya.

Ijumaa, 14 Juni

Kiwanja chao cha zamani kimeshachukuliwa. Fundi wa kuchomelea vyuma, na mbwa wawili. Kwa hiyo kurudi hakupo. Nilipita makusudi kuangalia.

Mama anasema nimekuwa mchangamfu siku hizi. Anauliza kama nimepata mwanamume.

Jumanne, 9 Julai

Bodi imepitisha.

Bi Lindqvist ametusomea kanuni mpya. Anayesamehewa ni yule anayeishi upande wetu siku masomo yanapofunguliwa, na awe ameishi huku mwaka mzima kabla yake. Watu dirishani walipiga makofi. Mama mmoja aliniegemea kwenye kioo akalia, kioo kikajaa mvuke.

Nikauliza, kama mtu anayeuliza saa: je, aliyehamia California mwezi uliopita?

Bi Lindqvist akafikiri. "Huyo maskini hana kwao. Arizona katoka, California hajafika. Atalipa ada nzima ya mtu wa nje." Kisha akanitazama. "Kwani yupo mtu wa namna hiyo?"

Nikasema nauliza tu.

Furaha niliyoisikia sikuitegemea. Nilidhani itakuja na aibu kidogo, kama nyama inavyokuja na mfupa. Ilikuja peke yake. Nilinunua soda ya baridi nikainywa yote kwenye gari.

Alhamisi, 18 Julai

Fina amekuja.

Alipanga foleni kama watu wengine. Angeweza kuzunguka mlango wa nyuma, anajua mimi nipo, lakini yeye si mtu wa mlango wa nyuma. Amebabuka pua kwa jua la huko mashambani. Alikuwa amevaa blauzi ile ya kanisani.

Akasema amesikia kuna msamaha wa ada kwa watu wa Arizona, na kwamba yeye bila shaka haumhusu kwa kuwa sasa ni wa California, basi amekuja kulipa ada ya wenyeji. Akatoa bahasha.

Nikamsomea kanuni. Yote, kwa sauti, na nyuma yake watu sita wanasikiliza. Ningeweza kumwita pembeni.

"Kwa hiyo mimi ni wa wapi?" akauliza.

"Kwa chuo, si wa popote. Mpaka Juni mwakani."

"Na nafasi yangu itaningoja mpaka Juni?"

"Nafasi ya uuguzi haimngoji mtu."

Mwanamume wa nyuma akaguna, akasema watu wengine bwana, wanahama wakati wenzao wanasamehewa. Foleni ikacheka. Fina naye akatabasamu kwa adabu, kama aliyetaniwa na mkwe.

Akaniuliza kama nilijua. Nikasema ilikuwa siri ya bodi. "Basi usingeweza kufanya kitu," akasema. Akarudisha bahasha mkobani. Akanishukuru.

Amenishukuru! Nilifunga dirisha kabla ya saa yangu nikasema kichwa kinauma. Na kiliuma kweli.

Jumapili, 21 Julai

Supu ya utumbo nyumbani kwetu, ukoo mzima. Mama mdogo Chayo kalia mpaka supu imepoa. Alimlaani Wendell, akamlaani aliyeuza tairi, akailaani California yote kuanzia mlimani mpaka baharini. Wendell alikuwa akichambua mkate. Amekonda.

Kisha mama yangu akagonga kijiko mezani. Ana mpango.

Fina hakuhama. Ndiyo mpango. Waliohama ni wazazi na trela lao. Fina amebaki Arizona kwa mama yake mkubwa, amelala hapa siku zote. Barua alizonazo bado ni za upande huu, majirani watasema wanavyoambiwa. Chuo kikitaka kuhakiki humtuma Bwana Pruett, na Bwana Pruett hutazama kitanda. Kila mtu mtoni analijua hilo. Haulizi maneno mengi. Anataka kuona unalala wapi.

"Basi atamwona Fina ana kitanda," mama akasema. "Atachukua chumba cha Chela."

Nikauliza, na mimi?

"Wewe una sofa."

"Na kama ikijulikana?"

"Itajulikanaje, kama hakuna wa kusema? Damu nzito kuliko maji. Na wewe una nini cha kupoteza, mama'ngu?"

Alisema kwa upole kabisa, huku ananiongezea supu. Nikatazama meza nzima, mmoja mmoja. Nilikuwa nangoja mtu akumbuke kwamba mimi ndiye akiba wa kwanza. Kwamba nafasi ya Fina ikianguka, inaangukia mikononi mwangu. Tulikuwa watu saba. Mama mdogo aliomba ndimu.

Jumatano, 24 Julai

Nguo zangu ziko kwenye mifuko ya taka, kibarazani. Picha yangu ya kumaliza sekondari imeshushwa, na kwenye msumari ule ule mama katundika ya Fina. Kaipangusa kwa kanga yake ya jikoni kwanza. Yangu hajawahi kuipangusa.

Wamenifanya mwalimu. Kwa kuwa namjua Bwana Pruett, nikae kitini nijifanye yeye, nimhoji. Taulo zinakaa wapi? Jirani wa kushoto anaitwa nani? Bomba la maji moto ni lipi? Mama na mama mdogo wamekaa kama wazazi siku ya mitihani. Akikosea wananitazama mimi.

Fina alikosea la bomba. Nikamwambia, "Mwongo mzuri huanza na kuoga." Mama akasema nisimvunje moyo mtoto. Mtoto! Tumepishana miezi mitano.

Baadaye alinifuata kibarazani. Akasema hataki kitanda changu, hataki chochote cha haya, na kwamba anaona haya mpaka tumbo linamuuma. Nikamwambia asitapike tu kwenye shuka zangu.

Ijumaa, 2 Agosti

Bi Lindqvist aliniita ofisini.

Kwanza: Bwana Pruett atakuja kwetu Jumatano. Jina la Fina limeletwa kwa anwani yangu, ndiyo sababu akaona aniambie mapema. Ni haki yangu, alisema.

Pili: kuna onyo jipya. Nyumba ikidanganya, nyumba nzima inafutiwa msamaha. Si yule mmoja tu. "Nawe ni akiba wa kwanza, Graciela," akasema, kwa jina langu kamili. "Mtu mmoja tu akitoka, unaingia. Ningechukia uharibu hilo kwa ajili ya mtu mwingine." Alikuwa ananipa kisu, mpini kwangu, na tabasamu la mama mchungaji.

Nyumbani nikamweleza mama. Polepole, neno kwa neno. Uongo huu ukigunduliwa, mimi nami sitasamehewa ada. Nitakuwa nimefungiwa.

Mama alikuwa anakunja shuka za Fina. Hakuacha kukunja.

"Kwani wewe unasoma?" akaniuliza.

Sina la kuongeza leo.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimegombana na mbwa wa fundi. Nimegombana na mashine ya kahawa. Mama mdogo Chayo ameniletea mkufu wa bandia, "kwa wema wako." Nimeuvaa ili uniwashe shingo, niwe na sababu.

Jumatano, 7 Agosti

Niko bafuni. Nimejifungia. Maji yanatiririka ili wadhani nanawa. Naandika juu ya magoti, mwandiko utakuwa mbaya.

Bwana Pruett yuko sebuleni. Alikuja asubuhi, kofia mkononi, mzee mrefu mwenye magoti yanayolia. Alikunywa maji ya ndimu. Mama alimwita "mheshimiwa" mara tatu. Alizunguka chumbani, akafungua kabati, akatazama shuka, akarudi. Alimwuliza Fina maswali machache na Fina akajibu yote sawasawa, bomba na taulo na jirani, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Mama mdogo Chayo alikuwa ananong'ona pamoja naye, midomo inacheza.

Kisha akauliza mimi nalala wapi. Mama akasema: hapo hapo ulipokaa, mheshimiwa.

Akasimama! Akaangalia chini, akauona mto wangu, akauokota akaukung'uta vumbi. "Samahani, binti. Nimekalia mto wako." Kiangazi chote hiki ni yeye wa kwanza kuniambia samahani.

Hapo akanitazama kwa muda. Akasema hataki kuwachosha watu na majirani. Mimi ni mtumishi wa chuo, nilikula kiapo nilipopewa kazi, neno langu litamtosha na ataliandika kama nitakavyolisema. Hatamwuliza mwingine. "Huyu msichana alihama mwezi wa Juni, au hakuhama?"

Mama alinitazama kama anavyotazama sufuria inayotaka kufurika. Mama mdogo akafumba macho. Nikasema naomba ninawe mikono.

Mama amekuja mlangoni. Amenong'ona kwamba nikimwangusha Fina, nisimwite mama tena. Ameondoka. Mama mdogo naye amekuja, ameniita mwanangu mpenzi, ameahidi kunitafutia mchumba mwenye lori lake mwenyewe. Ameondoka.

Nimekaa ukingoni mwa beseni nikapiga hesabu. Nikisema alihama, nyumba yetu itaandikwa imesema kweli, Fina ameanguka na mimi naingia. Nikisema hakuhama, na baadaye mtu yeyote kule mashambani akafungua mdomo, tumeanguka wote wawili. Mjinga gani angesitasita? Tangu Juni nimeingoja siku hii, na leo nimeletewa kwenye sinia.

Sasa Fina ndiye yuko mlangoni. Hanong'oni. Anaongea kawaida, naona mzee atasikia, hajali.

Anasema siku ile darajani aliuona uso wangu. Alijua kwamba najua kitu. Alisukuma lile trela huku akiniangalia, akifikiri nikimwona anaungua miguu nitashindwa kunyamaza. Alinipa muda, anasema. Aliniuliza kabisa ili anirahisishie. Na dirishani akanishukuru kwa sababu hakutaka watu wale waone nilivyo.

"Mwambie ukweli tu," anasema. "Nafasi ni yako, wewe ndiye akiba wa kwanza. Nimelikumbuka tangu siku ya keki. Sina kinyongo."

Yeye peke yake amelikumbuka! Katika watu wote wa ukoo huu, yeye! Angenitukana ningejua pa kushika. Angelia ningemwacha alie. Sasa nikisema ukweli, itakuwa yeye ndiye kanipa. Nitavaa sare yake nyeupe miaka yote, na mahali popote nitakapokutana naye atanitazama kwa macho yale ya kusukuma keki.

Na nikidanganya kumwokoa, atanishukuru tena.

Nimemwambia aondoke mlangoni. Anakataa. Anasema tutoke pamoja, atanishika mkono mbele ya mzee, nisionekane mbaya. Namchukia. Namchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na hajanifanyia lolote.

Bwana Pruett ameniita. Binti Graciela, mikono haijatakata tu?

Nimefunga maji, nimefungua komeo. Kitasa kinazunguka upande wake. Akinigusa, nasema alihama. Asiponigusa —